Sauti Iliyoitika kwa Kiswahili

Mambo haya yalimpata jirani yangu wa hapa Mount Druitt, Sydney, mwanamke anayeitwa Faida, ingawa mtaa mzima tulimzoea kwa jina la Mama Nicole. Mimi sikuwepo. Lakini gauni lake nimeliona kwa macho yangu, na baada ya kuliona sikumwomba ushahidi mwingine.

Ilikuwa siku moja kabla ya Noeli. Faida alikuwa amepewa likizo kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya zamu, na mumewe Katembo, mpakiaji mizigo kwenye ghala kule Seven Hills, alikuwa ameazimwa karavani na mwenzake wa kazini. Tangu asubuhi alikuwa akiizunguka ile nyumba ya magurudumu na kuipigapiga matairi kana kwamba ameijenga mwenyewe.

"Miaka kumi mu hii inchi, na hatujalala inje hata siku moja," alituambia. "Mwaka huu na sisi tutafanya kama Ba-Australia."

Walipakia unga wa bugali, sombe, kile kisamvu chetu, iliyogandishwa, samaki, na sufuria kubwa ambayo tuliitania kwamba ifungiwe mkanda kama abiria. Watoto walikuwa wawili: Nicole, msichana wa miaka kumi na minne, na Moïse wa miaka minane, aliyezaliwa hapahapa. Walikuwa kama watoto wetu wote wa huku. Kiswahili wanakisikia chote, ila hawakujibu kwa Kiswahili hata uwabembeleze. Unaita mpaka koo linakauka, unaambulia "Yeah, Mum." Faida alikuwa akililalamikia sana jambo hilo.

Walifika salama. Kambi ilikuwa kando ya ziwa, upande wa kaskazini wa Sydney, yenye mchanga mweupe kama chumvi na familia nyingine zimejipanga na karavani zao chini ya miti ya mikaratusi. Walilala vizuri. Asubuhi ya Noeli waliomba, wakaimba, na Faida akawasha jiko.

Kwao, upande wa Butembo, mtoto hali chakula cha Noeli akiwa na nguo kuukuu. Mama hushona nguo, husimama mlangoni, humwita kila mtoto kwa jina lake. Mtoto huitika, huja, huvaa. Wote wakishavaa ndipo sufuria hufunuliwa. Faida hajawahi kuiruka desturi hiyo, hata miaka ile ya kambi ya wakimbizi, alipokuwa akishona vipande vya kitenge kwa mkono.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, alisimama kwenye mlango wa karavani na nguo mbili mkononi. Akamwita Moïse. "Yeah, Mum!" Kijana akaja mbio, magoti yamejaa mchanga, akavaa shati lake.

"Nicole!"

"Niko hapa, mama."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ilitoka ndani ya karavani, kwenye kitanda cha chini. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto mdogo sana, na ilikuwa imeitika kwa Kiswahili.

Moïse alichungulia kando ya kiuno cha mama yake. "Mum," akanong'ona, "who's that?"

Faida hakugeuka. Sauti ile alikuwa anaijua.

Hapa lazima niseme kile ambacho sisi majirani hatukukijua. Kule kambini Uganda, faili lao la kusafiri kuja huku lilikuwa na majina matatu: Katembo, Faida na binti yao Nicole, miaka minne. Wiki tatu kabla ya mahojiano ya mwisho, malaria ikamchukua Nicole. Humohumo hemani kulikuwa na mtoto mwingine wa umri uleule, Divine, yatima wa dada yake Faida aliyeuawa njiani wakikimbia. Divine hakuwa kwenye faili. Wangemwacha na nani? Katembo akasema Divine atapita kwa jina la Nicole. Na ili Divine apite, ilibidi Nicole asiwe amekufa.

Basi walimzika alfajiri, peke yao, nyuma ya mashamba ya maharage, kwenye ule udongo mwekundu. Faida aliuma kitenge chake ili sauti isitoke. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyelala chini kwenye mkeka, hakuna aliyelia. Kesho yake alianza kumwita mtoto aliye hai kwa jina la aliyekufa, akamwita na kumwita mpaka akaitika. Mtoto wa miaka minne husahau. Jina la Divine halikutamkwa tena, hata na mume na mke wakiwa wawili chumbani. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na pengine ningelala usingizi mbaya kama yeye.

Katembo alikuja kutoka kwenye moto wa kuchomea samaki, koleo mkononi.

"Baba Nicole," Faida akanong'ona. "Ameitika."

"Nani?"

"Mwenye jina."

Katembo akaingia. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini sakafuni kulikuwa na vumbi. Vumbi jekundu. Nyayo ndogo za mtoto asiye na viatu zilitoka kitandani, zikapita chini ya meza, zikakomea mlangoni. Za mwisho zilikuwa zimegusana na visigino vya Faida.

Katembo alichukua kitambaa akazifuta.

"Hapana kuita tena ile jina," akasema. "Binti yetu iko wapi?"

Moïse akaonyesha ziwani. "She went for a swim."

Msichana alikuwa ndani ya maji, yamemfika kiunoni. Hakuwa anaogelea. Alikuwa anatembea, polepole, kuelekea kwenye kina. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshuka pembeni, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyemshika mdogo wake mkono kuvuka barabara.

Katembo akatupa koleo, akaingia majini na nguo zake zote. Hajui kuogelea. Faida akakimbia hadi ukingoni.

"Nicole!"

"Niko hapa, mama." Nyuma yake.

Msichana hakugeuka. Maji yakafika kifuani.

"Nicole! Nicole, rudi!"

"Niko hapa." Karibu zaidi, na kicheko kidogo, kicheko cha mtoto anayefurahi kwamba hatimaye anaitwa.

Ndipo Faida akaelewa. Alikuwa anamwita mmoja, anakuja mwingine. Maji yalimfika msichana mabegani, kisha shingoni. Katembo alikuwa bado mbali, anapiga maji kwa mikono, anakohoa. Kulikuwa na jina moja tu la kumgeuza mtoto yule. Na kulikuwa na mtoto mwingine nyuma yake, anasikiliza. Kulitaja jina lile ni kumwambia huyu wa nyuma: si wewe ninayekuita. Alikuwa ameshamzika mara moja bila chozi. Sasa angemzika mara ya pili, na safari hii anasikia.

"Divine!"

Hata wadudu wa mitini walinyamaza.

Msichana akasimama. Akageuka kama mtu aliyeamshwa. "Mum?" Kisha akaona maji yalipomfika, akapiga kelele, akaanza kurudi, mpaka mkono wa Katembo ukamdaka.

Wakati huohuo viganja viwili vidogo vikashika gauni la Faida kwa nyuma, usawa wa goti.

"Na mimi, mama?"

Faida aliniambia hivi akitazama sakafu. Pale ziwani hakugeuka. Alipiga hatua kwenda majini, kwa aliye hai, na akahisi kitambaa kikivutika, kikivutika, halafu kikiachiliwa.

Alasiri ile sufuria haikufunuliwa. Walifunga mapazia ya karavani, wakakaa chini, na Faida akamweleza binti yake yote, kisha akalia kilio cha miaka kumi. Alimtaja Nicole kwa jina, akamwomba msamaha, akamfanyia matanga yake palepale sakafuni. Wazungu wa karavani ya pili, wamevaa kofia zao za karatasi za Krismasi, walikuja kugonga na sahani ya keki, wakauliza kama kuna mgonjwa. Katembo aliwashukuru, akafunga mlango.

Siku hizi nyumbani wanamwita Divine. Kwenye karatasi za serikali bado ni Nicole, maana utaanzia wapi kueleza?

Mwezi wa pili Faida alimpeleka zahanati, sikio lilikuwa linamuuma. Walisubiri, Faida amesimama kwa kukosa kiti. Nesi akatoka na orodha yake.

"Nicole?"

Divine alikuwa ameinamia simu. Ameshazoea jina lake la Divine, hakuinuka. Lakini Faida akahisi gauni lake, nyuma, usawa wa goti, likiachiliwa. Hakuwa amejua kwamba limeshikwa. Nesi akashusha macho chini, usawa wa mapaja yake mwenyewe, kama anayemtazama mtoto mdogo, akatabasamu.

"Come through, darling," akasema, akaushika mlango wazi.

Gauni hilo lilikuwa jipya, lililonunuliwa mwezi wa kwanza, halikufika ziwani kamwe. Faida alinionyesha jioni hiyohiyo. Nyuma yake kulikuwa na alama mbili za viganja, ndogo, za vumbi jekundu. Niligusa moja, rangi ikanibaki kidoleni.

Tangu siku hiyo nimeacha kumwita Mama Nicole.