Jina Kwenye Skrini

Haya yalimpata rafiki yangu Leonie, fundi wa kompyuta hapa mjini Alice Springs. Mama yake mkubwa, aliyeendesha kituo cha wachoraji kule kijijini jangwani, alikuwa amefariki. Kwa desturi yetu wenyeji wa asili, mtu akifa, ofisi yake ikafungwa, na jina lake halitajwi. Mumewe, mzee Clarrie, akaomba Leonie aingie kwenye kompyuta ya marehemu kwa mtandao akiwa mjini, amtolee picha alizohifadhi mkewe.

Kompyuta haikupatikana mtandaoni. Leonie akampigia mzee simu kule kijijini. Mchana huo upepo wa vumbi ulikuwa umetia giza kote.

"Baba, umewasha umeme?"

"Nimewasha swichi ya nje. Ndani siingii, unajua. Wewe fundi au polisi?"

Leonie akacheka, akajaribu tena. Skrini ikaandika kwamba mtu mwingine anaitumia kompyuta hiyo, na akiendelea, mtu huyo atatolewa. Chini yake palikuwa na jina lile.

"Baba, nani yuko ofisini?"

Mzee akasogea kwenye mlango uliofungwa. Kwenye simu, nyuma ya upepo, Leonie akasikia vitufe vikibonyezwa polepole, kwa kidole kimoja, kama alivyozoea mama mkubwa.

"Mwanangu," mzee akanong'ona, "usimtoe."

Vitufe vikanyamaza, kama mtu anayesikiliza.