Cherehani Iliyogoma

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana hakuna suruali iliyomshinda kukunja pindo. Wiki ile alikuwa na sare thelathini za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi cherehani yake ikaanza vituko. Iliruka mishono. Ikakata uzi. Mwishowe ikagoma kabisa.

"Tuiuze, tutafute nyingine," alimwambia mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba.

"Sawa, lakini kwa bei ileile tuliyonunulia," mume alijibu. "Chuma ni chuma!"

Wakamwita jirani yao, fundi wa kutengeneza cherehani, aikague. Fundi aliifungua, akachungulia, akaandika kwenye karatasi: *Uchakavu mkubwa.*

Mume alisoma. Uso ukamkunjamana.

"Jirani, umekuja kututukana?"

"Punguza moto, kaka," fundi alicheka. "Uchakavu si tusi. Ni kitu kupungua thamani kwa kutumika na kwa umri. Hilo shati lako la kazi lilikuwa jipya, sivyo?"

"Tena la dukani!"

"Leo nani atalinunua kwa bei ile?"

"Hata bure hawalitaki!" Mama Pindo akadakia.

Wote wakaangua kicheko, mume akiwa wa kwanza.

"Viatu huchakaa, baiskeli huchakaa, hata paa," fundi aliendelea. "Hatuwezi kuzuia, ila tunaweza kupunguza kasi. Hii ilitiwa mafuta lini?"

Mke na mume wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

"Basi vumbi limeila. Lakini msiiuze, bado ina nguvu. Nitabadilisha mkanda na sindano, na kuisafisha. Kuanzia leo ifuteni kila jioni. Itieni mafuta kila wiki. Na kila mwezi wekeni kitu kidogo pembeni, kwa sababu iko siku itachoka kweli."

Kufikia mchana cherehani ilikuwa ikinguruma. Mama Pindo alishona bila kuinua kichwa, mumewe akipiga pasi na kufunga vifungo. Jumatatu mwalimu alizipokea sare zote thelathini, akaagiza nyingine ishirini.

Kazi ya mafuta aliichukua mume mwenyewe. Kila Jumamosi alishika kichupa kama daktari wa meno. Akiba nayo ikakua polepole. Mwaka wa pili walinunua cherehani mpya, na dada yake Mama Pindo akaja kushonea ile ya zamani. Sasa zinanguruma mbili kwa pamoja. Mume hapati tena usingizi wa mchana, wala halalamiki.