Okju Aliyenyolewa Mbele ya Haemaru

Mkesha wa sikukuu ya mavuno, watu wa Busan huwa hawanunui, hupora. Supamaketi ya Haemaru ilifurika mpaka milangoni: maboksi ya mapeasi, mafuta ya ufuta, watoto wanalia, akina mama wanasukumana na vitoroli. Okju alikuwa kwenye mashine yake ya malipo, midomo myekundu, nywele zake nyeusi zimesukwa msuko mmoja mnene ulioteremka mpaka kiunoni, amekaa kwenye kiti chake ametulia, vidole vinakimbia.

"We binti," akasema mama mmoja aliyevaa miwani ya jua humo humo ndani. "Mimi mteja nimesimama, wewe unanihudumia umekaa?"

Okju alikuwa na jibu lake, tena la moto. Lakini kabla hajafungua mdomo, sauti nzito ikatoka nyuma kwenye foleni.

"Mama, hebu tazama risiti yako. Umenunua samaki, umenunua vitunguu. Miguu ya huyu dada haimo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwenye sauti alikuwa mwanamume mrefu, buti za mpira, aproni imelowa, mkononi ana pakiti moja ya maziwa. Mama wa miwani akalipa akaondoka anafyonya.

"Wewe wa wapi?" Okju akamwuliza, akijitahidi asicheke.

"Kaunta ya samaki. Nimehamia jana. Naitwa Taegon."

"Kiti hiki tulikipigania mwaka mzima, Taegon. Zamani viti vilikuwa vya mapambo tu, ukikalia unaitwa ofisini. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichotukalisha. Wewe ni mwanachama?"

"Mimi? Hapana, dada. Mimi ni wa samaki tu."

"Unatetea kiti halafu chama hukitaki! Ni sawa na kula wali ukakataa kuosha sufuria."

"Nioshee leo," akasema Taegon, macho yanacheka, "kesho nitakununulia chakula."

Na kweli alinunua. Supu ya nguruwe na wali, kibandani mtaa wa Seomyeon, mvuke unawapofusha wote wawili. Okju alivaa blauzi ya kijani, Taegon alijipulizia manukato mpaka yakamtoa machozi mwenyewe, maana aliogopa kunuka samaki.

"Unanuka saluni," Okju akamwambia.

"Afadhali saluni. Leo nimechuna ngisi kutwa."

"Mimi ngisi nawapenda."

Hapo ndipo Taegon alipokwisha. Tangu jioni ile simu zao hazikupoa. Taegon alimwita kiongozi, kwa sababu Okju ndiye aliyechaguliwa kuongoza tawi la chama pale Haemaru. Okju naye akimwita Kaka Taegon kwa sauti ya kudeka, mwanamume aliacha kisu akasahau samaki.

Jambo moja tu ndilo lililowagonganisha. Kila Okju alipoleta habari za chama, Taegon aligeuka jiwe. Siku moja akasema yote. Baba yake alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma kwenye kiwanda cha meli. Waligoma, kampuni ikawashitaki viongozi, baba yake akiwemo, nyumba yao ikapigwa mnada Taegon akiwa bado mtoto wa shule.

"Chama kilimpa baba kitambaa chekundu cha kufunga kichwani siku ya mgomo," alisema. "Basi. Nyumba hakikumrudishia. Wewe nakupenda, Okju. Ila hicho chama chako sitakisogelea."

Okju akamshika mkono. Hakumlaumu. Hata yeye alijua chama kina machungu yake. Ada inakatwa hata mwezi wa njaa. Wakigoma, mshahara hauingii. Meneja akijua wewe ni wa chama, zamu nzuri huzioni tena. Lakini alijua na utamu wake, na kila siku alikuwa ameukalia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka majira ya kuchipua. Wazazi wa pande zote mbili walikubali kukutana mezani Jumamosi, waule pamoja mlo wa kuonana, na baada ya hapo ni harusi tu. Okju alikwishanunua gauni la rangi ya pichi. Mama yake alishampangia jinsi ya kubana nywele.

Jumatatu ya wiki ile ile, Haemaru ikatangaza kwamba makeshia wakongwe hawataongezewa mikataba; nafasi zao zitajazwa na watu wa wakala, vibarua wa kukodishwa. Meneja akakataa kuonana na chama. Asubuhi yake bango kubwa likapaa mbele ya lango: JUMATANO, KIONGOZI WETU OKJU ATANYOA KICHWA KUPINGA WAKALA.

Simu ikalia.

"Hallo, kiongozi." Sauti ya Taegon ilikuwa baridi. "Nimesimama chini ya bango hapa. Nasoma habari za mchumba wangu."

"Kaka Taegon, nisikilize..."

"Jumamosi tunakaa na wazazi. Ukamwambia mchapa mabango, mimi hukuniambia?"

Masikini Okju! Hata yeye alilijua jambo hilo kwa kulisoma pale pale langoni. Lakini angemwambiaje mtu anayekichukia chama kwamba chama hakikumwuliza? Angekuwa amempa fimbo ya kukichapia. Kiburi kikashinda.

"Ni mambo ya chama," akasema.

"Basi kaolewe na chama."

Ikakatwa. Okju alilia chooni, akanawa uso, akapaka upya rangi ya mdomo, halafu akapanda basi mpaka ofisi ya chama ya wilaya, kwa Katibu Bang.

"Nani alikwambia nimekubali?"

"Okju, si desturi yetu? Mambo yakikaza, kiongozi ananyoa. Nikaona muda hautoshi..."

"Ulikosa muda wa kuniuliza ukapata muda wa kuchapa? Kichwa hiki chako au changu? Nikikataa sasa hivi, utanyoa wewe?"

Katibu Bang alikuwa na kipara tangu ujanani. Akajipapasa kichwa, akaona haya. "Nimekosa, dada. Kwa kweli nimekosa. Ukisema tulishushe bango, tunalishusha leo."

Okju akafikiri. Akamfikiria Dada Malsun wa mashine ya jirani, mjane, miaka yote ile kazini, mwisho wa mwezi aambiwe kwaheri. Akamfikiria na Taegon, akaumia kifuani hasa.

"Liacheni," akasema. "Nitanyoa. Ila ninyoe kwa sababu nimetaka mimi. Siku nyingine mtu aulizwe kwanza, au mimi mwenyewe nitagoma dhidi yenu."

Akampigia Taegon, hakupokea. Akamwachia ujumbe wa sauti. "Sikujua. Nililisoma bango kama wewe ulivyolisoma. Niliona aibu kukwambia. Lakini leo wameniuliza, na nimesema ndiyo. Nakupenda, Taegon. Kama Jumamosi haipo tena, niambie mwenyewe, usiniache nikisubiri."

Hakujibiwa.

Jumatano mchana jua lilikuwa kali. Mbele ya lango makeshia walijipanga wamevaa fulana zao za chama, wateja wamesimama na mifuko yao. Okju akakaa kwenye kiti, shuka jeupe shingoni, mgongo umenyooka. Kwenye ngazi Meneja alisimama amefunga mikono. Taegon hakuonekana popote. Sawa, Okju akajiambia. Akakaza meno.

Dada Malsun ndiye aliyepewa mashine ya kunyolea. Akakata msuko kwa mkasi, akaanza kulia. Mashine ikanasa, ikavuta nywele. Okju akafumba macho, chozi likamtoka.

"Nipe, Dada Malsun. Utamchuna."

Okju akafumbua macho. Buti za mpira, aproni iliyolowa.

"Taegon!" Meneja akafoka. "Hii ni saa ya kazi! Rudi kwenye samaki!"

Taegon hakugeuka. Akaipokea mashine, akaipuliza, mkono wa kushoto akakishika kichwa cha Okju taratibu. "Jeshini nilikuwa kinyozi wa kikosi kizima," akanong'ona. "Tulia."

"Ujumbe wangu uliusikia?"

"Niliusikia pamoja na baba. Nilikuwa natafuna maneno jikoni, nakilaumu chama. Baba akaniuliza, siku tuliyotolewa nyumbani, tulikula kwa nani? Tulilala kwa nani? Nikakumbuka." Akapitisha mashine utosini. "Watu wa chama, Okju. Walikuja na masufuria ya wali, walitugawana majumbani mwao majira yote ya baridi. Mimi nimeishi nikikumbuka mnada tu. Nisamehe, laazizi."

"Na mama yako? Jumamosi ataniona na kipara."

"Atauliza kama umekula. Inamisha kichwa kidogo."

Nywele zikaanguka begani, magotini, chini. Makeshia walianza kuimba, wengine wanaimba wanalia. Taegon akamaliza, akampangusa shingo kwa kiganja, akamtazama.

"Mzuri," akasema kwa sauti ya kusikika. "Haki ya nani, mzuri kupita jana."

"Wewe!" Meneja alikuwa amefika. "Ofisini, sasa hivi! Na uje peke yako."

Umati ukasogea karibu. Wote pale walijua mtu asiye na chama anavyoingia ofisi ile, na karatasi za kuacha kazi anazotoka amesaini.

Okju akasimama. Akalivua shuka, akakung'uta nywele kwenye sketi, akamshika Taegon mkono.

"Wewe unakwenda wapi?" Meneja akamwuliza. "Huyu si mwanachama wenu."

"Nimejiunga," akasema Taegon.

"Lini?"

"Sasa hivi. Andika unavyotaka."

Meneja akamgeukia Okju, akamtazama kile kichwa kinachong'aa juani, akashusha sauti kidogo. "Haya, bibie. Unaingia ofisini kwangu kama nani?"

"Kama kiongozi wake."

"Na kama mke wangu," akasema Taegon. "Jumamosi ndiyo tunawaambia wazee."

Okju akamtazama, akasahau kuwa yuko mbele ya watu, akacheka kwa sauti. Kisha wakapanda ngazi pamoja, na Dada Malsun na makeshia wote nyuma yao.