Mkono Aliounyoosha Fides

Togwa haimngoji mvivu. Kila siku Fides alianza kwa kumwogesha mumewe, Barnaba, kisha akakoroga uji, akauacha upoe, akautia kimea cha ulezi. Barnaba alivunjika nyonga akipakia magunia kwenye malori ya mpakani. Tangu hapo nyumba nzima ilikula kwa togwa ya Fides, aliyoiuza kibarazani pake, hapo Tunduma.

Hatua chache kutoka kwake aliuza Enesi, binamu yake kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Babu yao alikuwa mmoja. Mpaka ulipita katikati ya ukoo tu. Enesi aliuza munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi, na madereva waliupenda mno. Basi wivu ukamwingia Fides, ukakaa.

Mwaka huo, 2015, uliitishwa mkutano wa mtaa. Mtendaji wa mtaa, Bwana Osea, alisimama.

"Vinywaji vya kupika nyumbani vinaleta uchafu," alisema. "Kuanzia kesho, asiuze mtu bila ruhusa yangu. Mnaoafiki, mikono juu."

Kila mtu alidhani wanaosemwa ni wauzaji wa ng'ambo tu. Fides alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na Enesi alikuwa amesimama nyuma yake. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao.

Kesho yake mgambo wawili waliumwaga munkoyo wa Enesi mtaroni. Enesi hakubishana. Aliokota ndoo yake, akamtazama Fides, akavuka mpaka. Fides aliona aibu. Lakini siku ile aliuza togwa mpaka ndoo ikakauka, na aibu ikapungua. Ndivyo tulivyo binadamu.

Wiki mbili baadaye mgambo wale wale wakasimama kibarazani kwa Fides.

"Ruhusa yako iko wapi, mama?"

"Ruhusa gani, wanangu? Mimi mwenyeji. Amri ile ilikuwa ya wale wa ng'ambo."

"Tuliambiwa asiuze mtu. Wewe si mtu?"

Wakaimwaga togwa yote. Fides alikwenda kwa Bwana Osea kuomba ruhusa. Osea hakuinua hata macho.

"Nitakuita nikiamua," alisema.

Siku ya nne hapakuwa na unga ndani. Barnaba alikunywa chai ya rangi, akageukia ukuta. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema taratibu. Maneno hayo yalimuuma Fides kuliko njaa.

Ndipo alipokwenda kwa jirani yake, Mama Conjesta. Mama huyu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alimsikiliza Fides mpaka mwisho.

"Nani alimpa Osea kazi ya kutoa ruhusa ya togwa?" aliuliza.

"Sisi, mama. Tulinyoosha mikono."

"Huwezi kumpa mtu kitu usicho nacho, mwanangu. Mtaa hautungi sheria ndogo. Halmashauri ndiyo hutunga. Na yenyewe haijiamkii tu. Lazima iwatangazie wakazi mapema, ili mwenye pingamizi aseme. Kisha waziri mwenye dhamana aidhinishe, ndipo itangazwe. Mtendaji ana mamlaka aliyopewa na sheria, basi."

"Kwa hiyo serikali isituguse?"

"La. Ukipika togwa kwa maji ya mtaroni, bwana afya aje akuzuie. Hiyo ni kazi yake na imeandikwa. Lakini kuchagua nani auze na nani alale njaa, kwa kupenda kwake tu, hapo mkubwa amevuka mpaka. Wewe mtu wa Tunduma, mpaka unaujua."

Mama Conjesta akaongeza, "Na siku nyingine, kabla hujampa mkubwa rungu, jiulize kama utalipenda likikugeukia."

Wakaandika barua kwa halmashauri, kuuliza amri ile imetoka katika sheria ipi. Wauzaji saba walitia sahihi. Baada ya siku kadhaa mwanasheria wa halmashauri alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Alisema sheria ndogo ya namna hiyo haipo, na amri ile haina nguvu.

Bwana Osea alifuta jasho. "Nilidhani makofi yanatosha," alisema. Kwa kweli, si yeye peke yake aliyedhani hivyo.

Fides akasimama.

"Kosa si la mtendaji peke yake," alisema. "Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza. Nilitaka ndugu yangu afukuzwe. Nisameheni."

Bwana afya alikagua jiko lake siku iliyofuata. Alimwamuru achemshe maji, afunike ndoo, na asiweke vyombo karibu na mtaro. Fides alitii yote matatu bila kinyongo, maana aliona faida yake. Wateja wakarudi, na Barnaba akala ugali akashiba.

Lakini nafasi ya Enesi ilikuwa bado tupu. Fides akavuka mpaka, akamkuta binamu yake akitwanga.

"Mwapoleni," alisalimu kwa lugha ya huko.

Enesi aliitika bila kuacha mchi. "Mkono ule ulikuwa wako?"

"Ulikuwa wangu, ndugu yangu."

Enesi alitwanga muda mrefu. Mwishowe akasema, "Nilijua. Nilitaka useme mwenyewe." Jumatatu ndoo yake ilikuwa mahali pake, imefunikwa.

Mkutano uliofuata, mzee mmoja alilalamika juu ya Felista, mjane anayekaanga samaki. Alidai harufu inamkera, afukuzwe mtaani. Watu walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono, wakamtazama Fides, maana sasa walimheshimu.

Fides aliiweka mikono yake magotini.

"Kwanza tuambiwe," alisema. "Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Mkono mmoja ukashuka, kisha mwingine. Mwisho ulibaki wa yule mzee peke yake. Naye akautazama kidogo, akaushusha.