Usifumbe Macho

Monica alirudi kutoka shamba la chai na gambuti moja. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, tope mpaka kwenye kifundo, na yeye alikuwa akivua aproni yake huku anasimulia ya shambani, hana habari. Mdogo wake, Atupokile, ndiye aliyemuuliza gambuti jingine liko wapi. Monica akatazama chini, akaogopa. Mguu haukumwambia kitu.

Kesho yake walilikuta katikati ya mistari ya chai, limesimama wima ndani ya ukungu.

Tangu hapo mambo yakaongezeka. Ulimi uliwaka hata kwa uji uliopoa. Ngozi ikawa na umanjano. Masikioni alisikia mtu akipumua kwa mapigo, fuu, fuu, na akigeuka hakuna mtu. Zahanati ilimpima malaria, ikampa dawa ya minyoo, mwishowe ikampima wingi wa damu: sita. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, na mumewe, Gwakisa, akawa anamchemshia maua ya rozela kila asubuhi. Baada ya miezi miwili damu ilifika kumi. Mhudumu akamwambia amepona, aache kudeka. Hapa mtu ana haki ya kukasirika, maana miguu ile bado ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, Monica alisimama jikoni akigeuza chungu. Akasikia harufu nzuri.

"Nani anachoma nyama?" aliuliza.

Atupokile aliinua uso kutoka kwenye ndizi alizokuwa akimenya. "Dada," alisema taratibu, "toa mguu."

Kisigino kilikuwa juu ya kaa la moto.

Jioni hiyohiyo aliitwa mwinjilisti Asajile, mtu mpole, mwenye nia njema kabisa. Alimwambia Monica asimame, ainue mikono, afumbe macho kwa maombi, na mara tu kope zilipokutana sakafu ikapotea, pumzi ile ikamjaa masikioni, akayumba mbele, akayumba nyuma, akaanguka kama aliyesukumwa na mtu anayemfahamu, na walipomwinua akafumba tena akaanguka tena, na mara ya tatu wanawake wa maombi walirudi nyuma mpaka ukutani, kwa sababu wote waliona kwamba akifumbua macho anasimama na akiyafumba anaangushwa.

"Ni jini," Asajile alinong'ona. "Limemaliza damu, sasa linakula miguu."

Wakafunga siku tatu. Monica naye alifunga, na aliamini kila neno. Siku ya nne hakuweza kufunga kifungo cha blauzi yake. Gwakisa hakuuliza mtu tena, akampeleka Mbeya.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alitazama ulimi, akakwaruza nyayo kwa ufunguo, kisha akasema, "Simama, miguu pamoja. Fumba macho."

Monica akaanza kulia. "Nikifumba linanishika, mama."

"Likushike. Nami nitakushika."

Akafumba. Akaangukia mikononi mwa daktari, na daktari hakushangaa hata kidogo. Aliwaeleza kwamba tumbo la Monica limeacha kupokea vitamini inayotunza damu na mishipa ya fahamu, na kwamba vile vidonge viliipandisha damu vikauficha ugonjwa. Damu ilipelekwa kupimwa mbali, majibu yakaja hivyohivyo. Dawa ilikuwa sindano, nyekundu, ya maisha yote. Gwakisa akauliza kama miguu itapona.

"Kiasi," daktari alisema. "Mmechelewa kunifikia. Na ana ndugu? Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo."

Monica alirudi nyumbani Kawetele akitembea na fimbo. Jumapili ya shukrani alisimama mbele ya kanisa, na tangu siku ile ya maombi hakuwahi tena kufumba macho akisali. Kwaya ikamaliza kuimba. Atupokile akatoka kwenye benchi la kwaya kuja kusimama karibu na dada yake, anatabasamu, mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu. Kiatu cha pili kilibaki chini ya benchi, kimesimama wima.

Pumzi ile ikarudi masikioni mwa Monica, fuu, fuu.

"Tufumbe macho," alisema Asajile, na kanisa zima likafumba.

Monica aliangusha fimbo, akamshika mdogo wake kwa mikono yote miwili.

"Atu," alisema, "usifumbe."