Mwendo Usiofutika

Siku ya kwanza tu, fundi cherehani alisimama, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Mtu aliyepoozwa mguu na kiharusi hasimami kirahisi hivyo. Mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani, akamfunga vyuma vyenye mota kiunoni na mapajani, vya kumsaidia kunyanyua miguu, akajiandaa kuhangaika naye wiki kadhaa. Fundi akavuka chumba. Tena kwa maringo, nyonga huku na huku, kama bibi harusi. Mtaalamu akacheka. Mke wa fundi hakucheka, maana mumewe hakuwahi kutembea vile, na chumba kilinukia marashi asiyoyatumia yeye.

Mke alipombana, mtaalamu akakiri kwa sauti ya chini. Mashine ile hukariri mwendo wa anayeivaa, na kabla ya mgonjwa mpya hufutwa mwendo wa aliyetangulia. Yeye hakuufuta. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja, sasa marehemu, ambaye ndugu zake walisema ana jini. Mtaalamu aliyaona maneno ya watu tu. Mama yule alitembea vizuri, naye mtaalamu akaona hasara kuutupa mwendo kama ule.

Akaufuta palepale. Wapi! Mchana uliofuata umeme ulikatika, betri ikaisha, na mke akiwa jikoni akasikia vyuma vikilia sebuleni, kri, kri, akachungulia, akamwona mumewe akiizunguka meza huku taa ya mashine imezimika, jasho likimtiririka, na mguu ule uliokuwa mfu ukitangulia mbele kana kwamba unaijua njia, na marashi yakazidi hadi yakamkaba koo.

Mganga akaitwa. Akamkalisha fundi, akafungua mikanda, akavitoa vyuma nje. Miguu ikaendelea kutikisika kitini.

"Nitamtoa jini huyu, mama," mganga alimwambia mke. "Ila hatua hizi ni zake. Akiondoka, mzee hasimami tena."

"Mtoe," mke alinong'ona. "Nitambeba mwenyewe."

Mganga akasema mwenye mwili ndiye wa kuamua. Fundi akamtazama mkewe kwa huruma, kisha akaitazama cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, iliyofunikwa shuka tangu augue.

"Mwacheni," alisema.

Mke alitega sikio, akiomba moyoni iwe sauti ya yule jini. Ilikuwa ya mumewe.