Maji Yalipoingia Kwenye Dizeli

Kaluki aliuza maji. Kila asubuhi aliendesha pikapu yake ya dizeli hadi kwenye kisima cha mradi, nje kidogo ya Migwani. Hapo alijaza tangi lililofungwa nyuma, kisha akapanda nalo mlima. Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini watu wa mlimani waliujua mlio wake. Wakiusikia tu, walitoa mitungi nje.

Mteja wake mkubwa alikuwa zahanati iliyo juu mlimani. Akina mama walijifungulia hapo. Mfereji wa zahanati ulikuwa umekauka tangu kiangazi kianze. Maji ya kuogesha watoto wachanga na ya kufua mashuka yote yaliletwa na Kaluki.

Asubuhi moja pikapu ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Moshi mweupe ulitoka nyuma. Katikati ya mlima nguvu zikaisha kabisa. Kaluki aliirudisha kinyumenyume polepole, mguu kwenye breki, tangi limejaa nyuma yake, jasho linamtiririka. Alipofika nyumbani, aliizima.

Adhuhuri simu ililia. Alikuwa Kimeu, nesi wa zahanati.

"Mama Musembi, tangi letu limebaki matope," alisema, akimwita Kaluki kwa jina la mwanawe. "Kuna akina mama wawili hapa. Usipofika leo, itabidi niwapeleke Mwingi. Na barabara ile unaijua. Mmoja hataistahimili."

"Nitakuja," Kaluki akajibu. Hakujua atakwendaje.

Mume wake, Nzomo, alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Hii gari inamiss, injini inaruka mapigo," alisema. "Nimeongea na fundi wa stendi. Amesema tubadilishe plagi. Ikikataa, injini ishushwe ifunguliwe yote."

"Itakaa huko muda gani?"

"Wiki mbili. Ama tatu. Injini ikishafunguliwa, wewe omba Mungu tu."

Kaluki alikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Alijitupia leso begani akavuka barabara kwenda kwa Mwanamkasi.

Mwanamkasi alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kinu hicho kiliendeshwa na injini ya dizeli. Wazazi wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Mwingi. Mumewe, Salim, baba wa mtoto wao Tariq, alikaa dukani. Injini ilikuwa ya Mwanamkasi. Watu walizoea kumwona na ushungi umefungwa nyuma ya shingo na spana mkononi. Hakuna aliyekumbuka kurudi nyumbani na mahindi mazima kwa sababu injini ya Mwanamkasi imelala.

Alikuja mara moja. Hakufungua boneti.

"Liwashe," alisema.

Kaluki akaliwasha. Mwanamkasi aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akazunguka nyuma kuutazama moshi. Kaluki alimwangalia akafikiri: huyu hana haraka, na ndiyo maana hakosei.

"Zima. Maji ya rejeta yanapungua?"

"Hapana. Sijaongeza hata kidogo."

"Vizuri. Shemeji, wewe unasemaje?"

"Ni plagi," Nzomo akasema.

"Plagi za cheche ni za petroli, shemeji. Dizeli haitaki cheche. Hewa hubanwa ndani ya injini mpaka inakuwa moto sana. Kisha dizeli inanyunyiziwa humo, inawaka yenyewe. Hata ukileta plagi za cheche za Kitui nzima, hutapata pa kuzifunga."

Nzomo alicheka bila kupenda. "Haya, mwalimu. Basi ni nini?"

"Moshi utatuambia. Ungekuwa mweusi, ningesema injini inakosa hewa, tuangalie filta ya hewa. Ungekuwa wa buluu, inakula oili. Huu ni mweupe, na injini imekwisha kupata moto. Maana yake dizeli haiungui vizuri. Halafu sikia mtetemo wenyewe. Nozeli moja, ile inayonyunyiza dizeli, ikifa, gari hutetemeka kwa mpigo mmoja saa zote. Hili linashika, linaachia, linashika tena. Kuna kitu kinaingia pamoja na dizeli. Tuanze na kilicho rahisi. Injini hushushwa mwisho, si mwanzo."

Walingoja injini ipoe. Nzomo aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Mwanamkasi aliagiza jiko la makaa liondolewe uani, na Nzomo aweke sigara yake mfukoni. Kisha akamvisha Kaluki glavu na kumpa spana.

"Shika wewe. Gari ni lako."

Alimwonyesha filta ya dizeli. Chini yake palikuwa na kikombe kidogo chenye skrubu. Kaluki aliilegeza skrubu, na Nzomo akakinga kwa chupa ya kioo. Walipopata ya kutosha, Kaluki aliikaza. Wakaiweka chupa juu ya ukuta, wakangoja.

Polepole vitu viwili vikaachana. Juu ilikaa dizeli ya manjano. Chini kilikaa kitu cheupe, kimetulia, na vumbi kama la makapi.

"Hicho cha chini ni nini?" Kaluki akauliza.

"Onja," Mwanamkasi akasema. Nzomo aliponyoosha kidole, akampiga mkono. "Natania. Ni maji."

"Maji yametoka wapi?" Nzomo akauliza. "Huku hata mawingu hayana maji."

Mwanamkasi aliitazama ile chupa tena. "Dizeli mnanunua vipi?"

"Kwa mtungi. Kituo cha mafuta kiko mbali."

"Mtungi upi?"

Kaluki alionyesha mtungi wa manjano uliokaa mlangoni pa jikoni. Ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi, kama mitungi yote ya pale.

"Unabeba maji pia?"

"Siku za dizeli unabeba dizeli. Siku nyingine unabeba maji. Lakini lazima niusuuze kwanza kwa maji masafi. Mimi si mchafu, Mama Tariq."

"Ndiyo taabu yako. Wewe ni msafi mno," Mwanamkasi akasema. "Kila ukisuuza, kikombe cha maji kinabaki ndani. Unatia dizeli juu yake, na gunzi linaangusha makapi yake humo. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanashuka chini ya tangi, na injini inavuta kutoka chini. Haba na haba hujaza hata filta. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Zikipewa maji, zinashika kutu na kusagika. Ungeendelea, hata huyo fundi wa stendi asingekusaidia."

Kaluki aliutazama tena ule mtungi wa manjano. Huku kwao nani aliwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kuwa adui?

Nzomo alikwenda kwa bodaboda kununua filta mpya na dizeli safi. Wanawake wakafungua bolti chini ya tangi la mafuta na kumwaga yaliyokuwemo. Waliyaweka kwenye debe lenye kifuniko, yapelekwe kituo cha mafuta wanakokusanya oili chafu. "Tusimwage chini," Mwanamkasi alisema. "Tunakunywa kutoka chini."

Walifunga filta mpya, wakatia dizeli. Sasa ilibaki kutoa hewa. Kaluki alilegeza skrubu ndogo juu ya filta, kisha akabonyeza pampu ya mkono. Dizeli ilitoka na mapovu. Akabonyeza tena na tena mpaka mapovu yakaisha, akakaza.

"Na mabomba yale membamba ya nozeli usiyaguse injini ikinguruma," Mwanamkasi akamwonya. "Dizeli humo ina nguvu ya kutoboa ngozi ikaingia kwenye damu. Magari mapya yenye kompyuta usiyafungue hapo hata yakiwa yamezimwa. Hayo mpe fundi wake. Haya, washa."

Injini ilikohoa. Ikatoa moshi, ikatetemeka. Kaluki akashika usukani kwa nguvu. Kisha mtetemo ukapungua, moshi ukaisha, na ule mlio wa zamani ukarudi, mzito na wa mfululizo.

Mwanamkasi alikuwa amekwisha kuanza kupangusa spana.

"Mama Tariq, nikupe nini?" Kaluki akauliza.

"Nipe nafasi nipite. Watu wamepanga foleni kinuni."

Kabla jua halijatua, pikapu ilipanda mlima bila kusita. Nesi Kimeu mwenyewe ndiye aliyeshika bomba wakati tangi la zahanati likijazwa. Wale akina mama wawili hawakwenda Mwingi. Walijifungua hapo hapo, na watoto wakaogeshwa.

Siku hizi Kaluki anafungua skrubu ya filta kila wiki na kutazama. Amenunua mtungi mweusi wenye kifuniko cha kukaza. Hausuuzi kwa maji.

Juzi jirani yake, Ndululu, aliuona uani.

"Niazime huo, nikimbie kisimani."

"Huo hapana," Kaluki akasema.

Ndululu alimkodolea macho. "Kiangazi hiki, mtu ananyimwa mtungi?"

"Huo haubebi maji, dada. Lete wako."

Ndululu alikwenda akinung'unika, akarudi na mtungi wake wa manjano. Kaluki aliupeleka nyuma ya pikapu, akafungua bomba la tangi, akaujaza mpaka ukafurika.